Kwa Sudi, Aliyesema Angefunga Mlango

Sudi,

Salamu tulishapeana mchana, kabla hujasema lile neno, kwa hiyo nazipita. Ya kula, ya kulala na ya kuangalia begi lako kwenye treni shangazi yako kashakuelekeza mpaka masikio yamekuchoka. Dagaa na chupa ya mawese nimekuwekea chini ya mashati. Mimi nimekaa kuandika kwa sababu nimekasirika, na nikikasirika mdomo wangu unajua kuharibu. Kwenye karatasi angalau naweza kukata mstari nikaanza upya.

Ngoja nikurudishie ulivyosema, usije ukaniambia nimesikia vibaya. Watu wamekaa mkekani, wameshiba wali na samaki wa migebuka, baba yako mdogo Ramadhani akakutania: "Huko unakokwenda kusimamia vitalu vya chuo, usije ukafungulia wakimbizi kama mama yako." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, maana Ramadhani ni shemeji yangu na utani wake nimeuzoea. Ndipo wewe ukafuta mdomo, ukasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuajiriwa: "Mimi? Mimi ningefunga mlango na kufuli juu. Watu wenyewe walikuwa wanapelekwa kambini kula bure, na mama akapoteza kazi na nyumba kwa ajili yao." Kisha, kana kwamba hukusema kitu, ukaja kupiga magoti mbele yangu uombe radhi ya safari.

Nikainuka na mafuta mikononi, nikatoka uani. Nilikuacha umepiga magoti mbele ya sahani.

Ramadhani alinifuata. "Shemeji, mtoto anasafiri kesho. Mtoto haondoki bila radhi ya mama yake, unajua hilo."

Nikamwambia, "Basi asiondoke."

Hilo nililisema kwa hasira na nalirudisha. Utaondoka. Kazi umeipata kwa akili zako na treni haitakungojea umalizane na mimi. Lakini radhi ni yangu, na mpaka ninapoandika hapa sijakupa. Nataka ujue kwa nini, maana najua sasa hivi uko chumba cha pili unajiambia mama kazeeka, mama kanuna kwa neno dogo.

Kazi yangu ya Kidahwe uliiona likizo tu, ukitoka bweni. Ulikuja ukala nyanya ukarudi shule. Kile kituo cha chuo kilikuwa na mashamba ya majaribio yaliyoshuka mpaka kijitoni, na vitalu nyumba viwili, yale mabanda ya plastiki. Kimoja tulioteshea miche ya kawaida. Cha pili, kile cha juu, ndicho kilichokuwa roho ya kituo. Dokta, mtafiti mkuu wa kituo, alikuwa anatafuta nyanya inayoweza kuvumilia ule ugonjwa wa kujikunja majani, huo ambao wakulima wanauita rasta. Unaletwa na inzi weupe, vidudu vidogo hata ukivimeza hujui. Nje, mashambani, tuliiachia mimea iugue. Ndani ya banda tulipanda mimea ile ile, tukailinda isiguswe na inzi hata mmoja. Mwisho wa msimu unapima mazao ya nje na ya ndani, na tofauti yake ndiyo jibu. Inzi wakiingia ndani, huna tena cha kulinganisha. Msimu umekufa, na kwa kuwa kila msimu ulisimama juu ya ule uliotangulia, karibu misimu yote imekufa.

Kwa hiyo banda lilikuwa na milango miwili na kachumba katikati. Unafungua wa nje, unaingia, unaufunga. Unakanyaga beseni la dawa, viatu vyote viwili. Unavaa koti jeupe. Ndipo unafungua wa ndani. Milango ile miwili haikuwa wazi kwa pamoja hata siku moja, na aliyehakikisha hivyo ni mimi. Dokta mwenyewe niliwahi kumrudisha nje kwa sababu alikanyaga dawa kwa mguu mmoja akaruka wa pili. Alicheka, lakini alirudi.

Nakueleza haya yote na wewe umeyasomea, najua. Nakueleza ili uone kwamba mlango ule haukuwa mlango wa jikoni. Usidhani mama yako alifungua kwa sababu hakujua thamani yake.

Vibarua wangu wengi walikuwa Warundi. Watu wa hapa mjini wanasema "wakimbizi" kana kwamba wote walishuka kwenye lori moja siku moja. Wako waliokuwa wamekaa Kidahwe miaka na miaka, wamepanga, wamelima, wamezikana pale pale. Wako waliokuja juzi na vita vya juzi. Domitila alikuwa wa katikati. Alivuka na wajukuu wake wadogo. Mama yao alibaki njiani, na sikuwahi kuuliza njiani wapi.

Usingoje nikuambie tulikuwa marafiki. Domitila alinichosha. Unakijua kitalu cha kulinganishia, kile ambacho hukitendei kitu: hupalilii, hupigi dawa, unakiacha kionyeshe shamba linakuwaje bila mkono wa mtu. Cha kwetu kilikuwa ukingoni mwa barabara ya Kasulu, magugu yameipita mimea. Domitila alikivumilia kwa muda, anakipita anaguna. Asubuhi moja nafika nakikuta kimepaliliwa mpaka pembeni, udongo umevutwa shinani vizuri, na yeye amesimama na jembe akingoja ashukuriwe.

"Umeniua, Domitila! Nani kakutuma?"

"Hakuna, mama. Miye niliona haya. Bantu banapita barabarani, banasema mwenye shamba hili ni mugonjwa ao amekufa."

"Hapo ni pa kulinganishia! Tunapaacha makusudi!"

"Munapaacha?" Akatazama lundo la magugu aliyoyang'oa. "Sasa hako kashamba kalikosa nini?"

Nilimfukuza. Kesho yake nikamkuta amekaa langoni. Akakaa mpaka nikachoka kumwona, nikampa jembe. Jaribio la kitalu kile lilipotea msimu mzima, na kila nilipomwona nilikumbuka nikafoka tena. Ndivyo tulivyoishi. Mimi nafoka, yeye anasema "ego, mama", ndiyo ya kwao, kisha anafanya anavyojua yeye.

Kisha ikaja amri kwamba wakimbizi wote walio nje ya kambi warudishwe kambini. Hilo unalijua. Usilolijua, kwa sababu sikukuambia, ni namna ilivyofanyika kwetu. Lori lilisimama popote lilipokuta watu. Aliyekutwa shambani alipandishwa na jembe lake. Aliyekutwa kisimani alipandishwa na ndoo. Hakuna aliyeulizwa nyumbani amemwacha nani. Na kambi si moja, Sudi. Mama anaweza kupelekwa huku, watoto wakaja kuokotwa wakapelekwa kule, na kati yao kuna mapori.

Jirani yake Domitila alichukuliwa hivyo, siku ya kwanza. Watoto wake walizunguka barabarani wakimuuliza kila mwenye baiskeli kama kamwona mama yao. Mkubwa alikuwa amembeba mdogo, na mdogo mwenyewe alikuwa karibu kimo chake. Waliniuliza na mimi. Niliwapa maji, nikawaambia sijui, nikaenda kazini kwangu kuhesabu vikonyo vya nyanya. Mpaka leo nikilikumbuka lile "sijui" langu natamani kujizaba kofi.

Kesho yake, jua limeanza kuinama, niko ndani ya banda la juu nafunga mimea kwenye kamba. Nyanya zilikuwa zimeanza kuiva. Tulikuwa tumebakiza kuvuna na kupima tu. Nikasikia mlango wa nje unapigwa kwa viganja.

"Mama Sudi, fungula! Fungula! Baaskari!"

Nikaingia kachumbani, nikafungua wa nje. Domitila yuko mbele, nyuma yake vibarua wengine wa shamba la chini, wanaume kwa wanawake, matope mpaka magotini. Lori lilikuwa limesimama barabarani, nalisikia linavyonguruma.

"Batoto bako nyumbani, mama. Bako peke yabo."

Na hapa, Sudi, sikiliza vizuri. Hakuingia. Askari wanamfuata, na yeye alisimama nje ya kizingiti kwa sababu alijua sheria yangu. Akaliangalia beseni la dawa. Akaniuliza: "Tukanyage?"

Niliwaza nini? Umeshaniuliza mara nyingi, na mara nyingi nimekujibu ovyo. Sikuwaza huruma. Sikuwaza dini wala haki. Niliwaona wale watoto wawili wa jana, mmoja kambeba mwenzake, na nikajua kwamba kesho nitawaona wengine barabarani na hao watakuwa wa Domitila, na wataniuliza, na safari hii nitakuwa najua jibu. Ndiyo hivyo tu. Nikasema, "Acheni dawa. Piteni." Nikafungua na mlango wa ndani, milango yote miwili ikawa wazi, na watu wakaingia na matope yao, na nguo zao zilizotoka kusuguana na mimea iliyougua kule nje.

Walikaa chini katikati ya mistari, vichwa chini ya majani. Plastiki ya banda ilikuwa imefubaa kwa vumbi la barabara, ukiwa nje huoni kitu. Nikafunga, nikatoka nje, nikasimama na koti langu jeupe.

Askari walikuja wanatembea taratibu, wamechoka, si wabaya wala wazuri. Mkubwa wao akaniuliza, "Mama, humu kuna nani?"

"Nyanya."

"Fungua tuzione."

"Karibuni. Mnakanyaga dawa, viatu vyote viwili. Mnavaa koti. Anaingia mmoja, mlango wa nje unafungwa, ndipo wa ndani unafunguliwa. Mkiingiza mdudu hata mmoja mtazungumza na chuo, mimi sitakuwepo."

Nikamfungulia wa nje. Akaliangalia beseni, maji ya zambarau yenye povu la juzi. Akaviangalia viatu vyake, vimepigwa rangi vinang'aa. Akawaambia wenzake, "Twendeni. Mama huyu atatupeleka darasani."

Wakaondoka. Sheria niliyokuwa nimetoka kuivunja ndiyo iliyowazuia. Nilitaka kucheka, nikakaa pale pale kwenye nyasi mpaka lori lilipoondoka. Kisha wale watu wakatoka mmoja mmoja, wakashuka kijitoni. Domitila alitoka wa kwanza, anakimbia, hakusema asante wala hakugeuka. Nilikasirika kwa hilo pia. Nimezaliwa hivi.

Unakumbuka zile karatasi za njano zenye gundi tulizotundika juu ya mimea? Inzi weupe wanaipenda ile rangi, wakitua wananasa. Kila asubuhi nilizikagua, na misimu yote zilikuwa tupu, nimezizoea tupu. Asubuhi moja, siku chache baada ya lori, nikazikuta na madoa meupe, karatasi baada ya karatasi. Nilijua kabla sijazisogelea. Nikakaa chini nikalia kwa sauti. Watu wanadhani niliililia kazi. Kazi niliililia baadaye. Siku ile nilizililia nyanya. Niliziotesha kwenye udongo niliouchemsha mwenyewe kwenye pipa, moshi wa kuni ukinifukiza machoni, na nilijua kila mche umesimama wapi. Na zilikuwa za kuwafaa watu. Kila kiangazi wakulima wa Kidahwe na Kasulu wanang'oa shamba zima kwa sababu ya rasta, na hao Warundi kambini nao wanalima nyanya kwenye vijishamba vyao. Kwa hiyo usije ukanieleza mimi hasara. Ninaijua hasara ile kuliko Dokta.

Na ni asubuhi hiyo hiyo Domitila alipopita. Nimetoka nje, machozi sijafuta. Alikuwa na sufuria kichwani, mkeka kwapani, mjukuu mmoja mgongoni, wengine wameshika kanga yake huku na huku. Akasimama kwenye uzio.

"Amahoro, Mama Sudi. Nimekuja kukuaga. Tunaenda kambini."

Nikajifuta uso kwa koti.

"Tunaenda bote," akasema. Akawagusa vichwa, mmoja mmoja, anionyeshe.

Nikamwambia: "Nenda. Umeshaniharibia kazi."

Aliniangalia kidogo. "Ego, mama," akasema, akaweka sufuria sawa, wakashika barabara. Sijamwona tena. Sijui kama yu hai. Neno la mwisho alilolisikia kutoka kwangu ni hilo.

Umeelewa sasa? Hakuwa anaikwepa kambi. Alikwenda mwenyewe, kwa miguu, mchana kweupe, barabara ile ile ya lori. Alichokitaka ni alasiri moja ya kuwahi nyumbani. Mlango wangu ulimpa alasiri hiyo, na wajukuu wake waliingia kambini wameshika nguo ya bibi yao. Wewe leo, kwenye mkeka wangu, umewaambia watu kwamba haukuwa na faida. Wale watoto wa jirani yake ungewaambia nini? Ungewahesabia kilo za nyanya?

Dokta alikuja mwisho wa mwezi, akakuta majani yameshajikunja. Akaniuliza, nikamwambia ukweli, sikumficha hata tone. Alinisikiliza kwa adabu. Akaniagizia chai. "Mama Sudi," akasema, "nakuelewa kama binadamu, lakini kituo hakiwezi." Kama binadamu! Na yeye pale kwenye kiti alikuwa kama nani? Akanitaka nirudishe funguo na niiachie nyumba ya kituo. Baadaye nikasikia kwamba wageni wa chuo walipokuja kuuliza kilichotokea, waliambiwa ni hitilafu ya mlango. Hitilafu ya mlango, Sudi. Mimi niliyesimama mbele ya askari na koti jeupe, mimi ndiye hitilafu.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba hakuuliza kama wale watu walisalimika. Aliuliza walikaa muda gani ndani, walikaa upande gani, walishika mimea ipi. Hakuuliza kama walifika. Wala alipokuandikia kukupa kazi na kuniletea salamu, hakuuliza. Sikukatazi kufanya kazi kwake. Nyanya anazijua kweli, na huenda utajifunza kwake mengi ambayo mimi sikuwa nayo. Lakini nilipokusikia mchana nilisikia sauti yake. Umeanza kuhesabu kama yeye kabla hujakanyaga chuoni.

Hivyo ndivyo nilivyodhani nilipokuwa nimesimama uani na mikono yenye mafuta. Nikasema huyu Dokta kaniharibia na mtoto. Nikaitafuta hiyo "kula bure" yako, nikajiuliza Dokta alikwambia lini. Ndipo nikakumbuka vizuri, na nikazidi kukasirika, maana safari hii hasira zilinigeukia mimi.

"Kula bure" ni langu.

Ulirudi likizo ukanikuta hapa Kasingirima kwenye chumba kimoja, nimeanza kuotesha miche kwenye vifuko na kuipeleka sokoni Mwanga. Ulikuwa mtu mzima tayari, lakini kijana anasikiliza zaidi ya anavyoonyesha. Mvua ikivuja kitandani kwako nilisema, tungekuwa nyumba ya kituo kama si Domitila. Sukari ikikosekana nilisema, mwulize Domitila. Mteja akiniuliza sokoni kwa nini niliacha kazi nzuri, nilijibu niliponzwa na wakimbizi, nao sasa wako kambini wanakula bure, mimi hapa jua linaniwakia. Watu walicheka, wakanunua mche. Niliona ni maneno ya sokoni tu. Kumbe na wewe ulikuwa hapo nyuma, unanibebea maji ya kumwagilia, unasikia.

Ya barabarani sikukuambia. Wale watoto wawili sikukuambia. "Tukanyage?" sikukuambia, na hilo ndilo nililopaswa kukuambia kabla ya yote. Nilikuambia nilichopoteza, kila siku, na nilichokiona kwa macho yangu nikakiacha. Kwa nini? Kwa sababu aliyepoteza anaonewa huruma, na mimi nilikuwa na hamu ya kuonewa huruma. Nilikuwa mwanamke mwenye funguo na koti jeupe, nikawa muuza miche. Ilinichukua miaka kukubali, na katika miaka hiyo nilikulisha wewe uchungu wangu. Sasa umeutoa mbele ya watu kama akili yako mwenyewe, na mimi nimekunyima radhi kwa maneno niliyokufundisha. Hasira ya mchana ilikuwa halali, Sudi, lakini nusu yake haikuwa yako.

Nusu nyingine ni yako. Wewe si mtoto. Umesoma kuliko mimi, na aliyesoma hakatazwi kuuliza. Miaka yote hii hukuniuliza hata mara moja: mama, yule mwanamke aligonga kwa nini? Uliniuliza niliwaza nini, ulipoona nyumba imetuponyoka. Yeye aliwaza nini hukuuliza. Wewe na Dokta wako ni kitu kimoja.

Nilitaka kukuandikia jinsi ya kuishi na vibarua, jinsi ya kugundua rasta mapema, jinsi ya kumwambia bwana mkubwa kwamba hajakanyaga dawa. Sasa sina nafasi na sina moyo. Hayo utayaona, wewe una macho. Nikuambie tu kwamba utakuwa na funguo, na watu wenye funguo huwa tunajiona tumezaliwa nazo. Mimi nilijiona hivyo. Nilimfukuza mwanamke mzima kwa sababu alipalilia, na nililala usingizi mzuri.

Wala sitaki uniahidi kwamba utafungua. Hujagongewa bado, na anayeahidi kabla hajagongewa anajifurahisha tu. Huenda siku ikifika ukafunga, na huenda ukawa na sababu ambayo mimi sitaielewa, na nitabaki mama yako. Ninachokataa ni wewe kuondoka Kigoma ukiwa umeshafunga, tena unacheka.

Kwa hiyo nimekata shauri. Radhi nilikunyima mbele ya watu, na mbele ya watu ndipo itakapotoka. Kesho stesheni watakuja wote waliokuwa mkekani, Ramadhani, shangazi yako, majirani. Kabla hujapiga magoti utawaambia, kwa mdomo wako, kwamba yule mwanamke aligonga kwa sababu watoto walikuwa peke yao, na kwamba aliwawahi. Basi. Usiwaambie mama yako ni mtu mwema. Sikuwa mwema, nilimfokea mpaka kwenye uzio. Ukimaliza wewe nitasema mimi: kwamba yale maneno ya mchana ulijifunza kwangu, ili wasidhani ulizaliwa nayo. Ramadhani atajaribu kutia utani. Mwache, nitamnyamazisha.

Ukisema hivyo, utapiga magoti kwenye vumbi la stesheni na suruali yako mpya, nami nitakuwekea mkono kichwani mbele ya abiria wote, na radhi yangu utaondoka nayo nzima, ya hapa na ya huko, sijabakiza kitu.

Ukinyamaza, sitakulaani. Mimi si mama wa kulaani mtoto. Nitasimama pale mpaka treni itoke, na nitakupungia mkono kama ninavyompungia abiria yeyote.

Ni mimi niliyekuzaa, na hasira bado ninazo,

Mwajuma, mama yako